Geti Lilikuwa Wazi

Fortunata alikuwa juu ya ngazi, akishusha jora la kitenge kwa mteja wa Tunduru, wakati mwanamume mmoja mwenye kipara na kitambulisho cha televisheni shingoni alipoingia dukani na kuuliza, "Samahanini, dada Fortunata ni nani hapa?"

"Huyo huko juu," alijibu mteja. "Lakini foleni inaanzia kwangu, kaka."

Duka lilikuwa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ambayo wateja wa mikoani hujaa mpaka mlangoni. Yule bwana alisubiri kwa adabu. Mteja alipoondoka na mzigo wake, akasogea kaunta.

"Naitwa Shukuru. Natengeneza kipindi cha *Nisomee Kidogo*. Unakifahamu?"

Nani asiyekifahamu? Kila Jumamosi saa kumi alasiri mtangazaji Leticia alimkalisha kitini mtu maarufu: mwimbaji, mchezaji mpira, mchekeshaji. Mgeni alikuja na kitabu anachokipenda kuliko vyote, akasoma ukurasa mmoja, akaeleza kwa nini. Baba yake Fortunata, Mzee Gaudens, hakukosa hata Jumamosi moja.

"Nakifahamu," alisema.

"Jumamosi hii mgeni wetu ni Awadhi Mrisho, muigizaji."

Fortunata alikuwa anakunja kipande cha kitambaa. Akakikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama leso.

"Tulimuuliza kitabu chake alikipata wapi," Shukuru aliendelea. "Akasema alipewa na msichana mmoja wa Mtaa wa Mkunguni. Jina hakutaja. Basi nikapita mtaani kuulizauliza, na kila mtu kanielekeza hapa."

"Kila mtu nani?"

"Kila mtu, dada. Mpaka muuza kahawa pale kona."

"Yeye anajua kama mnaniita?"

"Hajui kitu. Ndiyo raha ya kipindi hiyo. Anaongea, anaongea, halafu mlango unafunguliwa, unaingia wewe."

Fortunata hakutaka kuuliza, lakini ulimi ulimtangulia. "Ana mke?"

Shukuru alitabasamu kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu aingie. "Hana. Hajaoa kabisa. Ukimuuliza, anakwambia bado anamsubiri mtu."

*

Miaka kumi na miwili nyuma, Awadhi hakuwa muigizaji. Alikuwa anauza viatu vya mtumba Mchikichini. Kwao Lindi. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano, na shule ikaishia hapo. Siku ya kwanza alipoingia dukani kwa Mzee Gaudens alikuwa amebeba viatu vya kike mikono yote miwili, anavitembeza. Fortunata, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo cha biashara, alikuwa amejificha nyuma ya majora akisoma riwaya aliyoinunua kwa wauza vitabu wanaotandaza chini. Kitabu hakikuwa na jalada. Hata jina lake alikuwa halijui.

"Kinahusu nini?" Awadhi aliuliza.

"Mapenzi. Soma mwenyewe, huu hapa ukurasa."

Alikishika kile kitabu, akakigeuza upande wa pili. Kisha akasema, taratibu, "Dada'angu, mimi kusoma kwangu ni kwa kuvizia."

Hakusema kwa kujitia unyonge, wala hakucheka kujifichia aibu. Alisema tu, kama mtu anavyosema kwamba hajui kuogelea. Ni kusema vile ndiko kulikompata Fortunata. Kuanzia siku hiyo, kila Mzee Gaudens alipokwenda kula mchana, wale wawili walikaa nyuma ya majora, Awadhi akiburuta kidole chini ya maneno, Fortunata akimsubiri. Walianza na sentensi moja kwa siku. Baadaye ukurasa. Walipomaliza kitabu, hakuna aliyehitaji kuambiwa yaliyokuwa yametokea.

Mzee Gaudens aliambiwa mwisho, na jibu lake lilikuwa fupi. "Yule ni Mwislamu, sisi Wakatoliki wa Kibosho. Yule anauza viatu vya mtumba, wewe nimekusomesha. Baraka za jambo hilo sina, Nata. Nikisema ninazo nitakuwa nakudanganya."

Basi wakaandikisha ndoa ya bomani. Tangazo likabandikwa siku zake ishirini na moja. Siku ya mwisho ilipofika, Fortunata alivaa gauni jeupe la kawaida, akatoka nyumbani Ilala asubuhi.

Ndoa haikufungwa. Wiki ile ile Kariakoo nzima ikasema: Mzee Gaudens kamfungia mwanawe ndani. Alimfungia kwa kufuli, ufunguo akaenda nao dukani. Habari ikapita kwa wauza vitenge, ikafika Mchikichini kwa wauza viatu. Mzee Gaudens hakuikanusha. Fortunata naye hakuikanusha, maana ule uongo ulimfaa. Siku zilivyokwenda aliuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

*

Jumamosi ile alivaa gauni alilolishonesha Pasaka. Baba yake alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake. Miguu ilikuwa imemkataa tangu mwaka uliopita, na sasa duka lote lilikuwa juu ya Fortunata.

"Baba, natoka kidogo. Naenda kumuona rafiki yangu."

"Leo mgeni wa kipindi ni yule mtu wako," alisema Mzee Gaudens bila kugeuza shingo. "Wamemtangaza tangu juzi."

"Mtu wangu nani, baba?"

"Mimi mzee, Nata, lakini sijawa mjinga. Nenda. Umependeza."

Studioni walimuweka katika chumba kidogo chenye kochi na televisheni ukutani. Shukuru alimletea maji. Saa kumi kamili muziki wa kipindi ukapigwa, kipindi kikaanza mubashara, na pale kwenye kioo akamuona Awadhi.

Alikuwa amenenepa kidogo. Ndevu zilikuwa na mvi mbili tatu upande mmoja. Nchi nzima ilimjua kwa tamthilia za kila jioni, lakini Fortunata hakuwahi kuangalia hata moja. Ikifika saa ile aliingia jikoni. Sasa hakukuwa na jiko la kukimbilia.

"Haya, Awadhi," alisema Leticia, "wageni wangu wote wanakuja na vitabu vya majina makubwa. Wewe umeniletea kitabu hakina hata jalada!"

Watazamaji studioni walicheka. Awadhi naye akacheka.

"Nilikipata hivyo hivyo. Jina lake silijui mpaka leo."

"Basi tusomee kidogo."

Akafungua, akaanza kusoma. Sauti ilikuwa nzito, tulivu, sauti ya mtu anayelipwa kwa sauti yake. Lakini kamera iliposogea, Fortunata aliona kidole. Kilikuwa bado kinatembea chini ya maneno. Aliweka bilauri ya maji chini.

"Nitakwambia kitu ambacho sijawahi kukisema," Awadhi alisema alipomaliza. "Hiki ndicho kitabu kilichonifundisha kusoma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne."

Leticia alimgeukia.

"Ishirini na minne?"

"Ishirini na minne. Bila hiki, nisingeweza kusoma hata mstari mmoja wa kuigiza. Na aliyenifundisha tulikuwa tuoane."

"Ikawaje?"

"Baba yake hakunitaka. Siku ya ndoa nilisimama bomani toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mama yangu alisimama na mimi. Kila bajaji iliyokuja, tunasema huyo, huyo. Kumbe mwenzangu kafungiwa ndani. Mzee yule alimfungia binti yake kama mbuzi."

"Masikini!" mtu mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema, "Mzee roho mbaya!" na watu wakamuitikia.

"Ulishamsamehe?" Leticia aliuliza kwa sauti ya chini.

Awadhi alifikiri. "Mama yangu alifariki mwaka juzi. Aliwasamehe watu wote waliomkosea, akawataja mmoja mmoja. Yule mzee hakumtaja. Na mimi nimefuata ya mama."

Fortunata alikiona kiti cha baba yake kama vile kiko mbele yake. Alimuona na lile blanketi magotini, na majirani wawili watatu wanaokuja kuangalia kipindi pamoja naye, sasa wanatazama sakafu. Mzee wa miaka sabini na tisa, ameketi kwake, anaitwa roho mbaya na nchi nzima, na hawezi hata kusimama akazime televisheni.

Mlango ukafunguliwa. Shukuru alikuwa na jasho la furaha. "Dada, tayari. Sikiliza, usijisumbue kuongea. Ingia, mkumbatie. Watu watalia, biashara imekwisha."

"Nimkumbatie tu?"

"Tu. Mengine mtamalizana wenyewe."

Mengine wangemalizana wenyewe. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Hatua kumi na tano kutoka mlangoni mpaka kwenye kile kiti, na miaka kumi na miwili ingefutika.

*

Awadhi alipogeuka na kumuona, alisimama taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Nata."

Watu walipiga makofi, wengine wakisimama. Fortunata hakuwasikia. Awadhi alimfuata, akamshika mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yale yale. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mvi zilikuwa mpya, suti ilikuwa mpya, macho yalikuwa yale yale ya nyuma ya majora.

"Nilijua," alinong'ona. "Nilijua ipo siku watakufungulia."

Fortunata alitaka kuegemea kifua kile. Alitaka kwa mwili wote. Leticia aliwakalisha, akafuta jicho moja kwa ncha ya kidole, akasogea mbele.

"Fortunata, karibu sana. Jamani, huyu ndiye mwalimu! Hebu tuambie wewe mwenyewe. Siku ile, uko ndani, mlango umefungwa, unajua mwenzio anakusubiri. Ulijisikiaje?"

Awadhi alikuwa bado ameshika mkono wake wa kulia. Fortunata aliutoa polepole.

"Sikufungiwa," alisema.

"Samahani?"

"Baba hakunifungia. Geti lilikuwa wazi."

Makofi yalikuwa yamekwisha zamani. Watazamaji wa nyuma waliinuka vitini kumuona vizuri.

"Baba aliikataa ndoa, hilo kweli. Lakini asubuhi ile alikuwa barazani anakunywa chai. Alijua ninakokwenda. Aliniambia, 'Nata, geti sijalifunga, ila mimi siji.' Ni hayo tu. Nikatoka kwa miguu yangu, nikapanda bajaji, nikafika mpaka bomani. Nikarudi. Mwenyewe."

"Kwa nini ulirudi?" aliuliza Leticia. Hakuuliza kama mtangazaji. Aliuliza kama mwanamke anayetaka kujua.

"Hilo la kwake, nitamwambia yeye. Mimi hapa nimekuja kumsemea baba. Miaka kumi na miwili mnamsema, na mimi niko pembeni nasikia, nimenyamaza." Akatafuta kamera ipi ilikuwa na taa nyekundu, akaitazama. "Baba, nisamehe."

Hakuthubutu kumtazama mtu aliyekaa kando yake. Alisikia tu kitabu kinafungwa.

Leticia alisema watapumzika kidogo kwa matangazo, na taa nyekundu ikazimika.

*

Alimkuta kwenye ngazi za nje, upande wa nyuma, ambako mafundi walikuwa wameegesha gari lao. Jua lilikuwa bado kali. Awadhi alikuwa amekaa ngazi ya tatu, koti amelivua, kitabu kiko magotini.

"Ulifika," alisema.

"Nilifika."

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro."

Akatikisa kichwa, kama anayepanga hesabu upya. "Ulisimama wapi, mbona sikukuona?"

"Ng'ambo. Kwenye kile kibanda cha picha za pasipoti."

"Pale? Pale karibu hivyo?"

"Pale pale. Nilikuona unavyopandisha mikono ya koti. Mama yako alikuwa na kapu, amelifunika khanga."

"Pilau," Awadhi alisema. "Alisema bibi harusi huwa hali kitu asubuhi kwa woga. Alitaka ukitoka tu mlangoni, ule."

Fortunata alishika bomba la ngazi. Hakuwa analijua hilo. Miaka yote alikuwa amelikumbuka lile kapu bila kujua mlikuwa na nini.

Awadhi alinyanyua uso. "Ilikuwa hofu, sivyo? Ulimuogopa mzee. Uliogopa kutengwa na ndugu. Hofu naielewa mimi, Nata. Hata mimi nilikuwa naogopa. Sema ilikuwa hofu."

Alikuwa anampa njia ya kutokea. Alimfungulia kabisa na mlango akamshikia. Hata padri alikuwa ameambiwa naye kwenye maungamo kuwa ni hofu.

"Haikuwa hofu," alisema Fortunata. "Nilikuwa natafuta nafasi nivuke barabara. Akatokea Candida, tulisoma naye chuo. Akaniuliza, 'Umependeza hivyo, unaenda wapi?' Nikamwambia namsindikiza mtu."

"Unamsindikiza mtu."

"Ndiyo. Halafu akawatazama ninyi. Wewe, mama, na wale wenzako wawili wa Mchikichini. Akasema, 'Hebu cheki ile suti, imemvaa mtu.'"

Awadhi aliposema, sauti yake haikuwa tena ile ya kwenye televisheni. "Wewe ukasemaje?"

"Nilicheka."

Gari moja lilipita nyuma ya ukuta, likapiga honi, likaenda.

"Nilicheka, Awadhi. Si sana. Kidogo tu. Lakini nilicheka, na wewe ulikuwa umesimama pale kwa ajili yangu. Candida akaenda zake, barabara ikawa nyeupe, ningeweza kuvuka. Nikaona siwezi. Ningevukaje, mdomo umetoka kukucheka? Nikasimama robo saa nzima nakutazama. Kisha nikaita bajaji."

Awadhi alitazama mikono yake. "Ile suti nilifungua marobota manne ya mtumba kuitafuta. Manne. Niliipiga pasi mwenyewe. Asubuhi ile, najitazama kwenye kioo, nilijiona mfalme."

"Najua."

"Hujui. Mama yangu, Nata. Kila Ijumaa, akimaliza kuswali, anakuombea. 'Ewe Mola, mfungulie mtoto wa watu.' Miaka kumi. Alifariki anaomba hivyo. Anamuombea afunguliwe mtu ambaye hakufungwa."

Fortunata alikaa chini, ngazi mbili juu yake. Machozi aliyokuwa ameyazuia studioni yalitoka sasa, na hakuyafuta. "Awadhi, naomba..."

"Usiombe." Hakupaza sauti. "Usiombe msamaha hapa, tafadhali. Nikikwambia nimekusamehe sasa hivi nitakuwa nakudanganya, na leo tumedanganyana vya kutosha."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, Shukuru akachungulia, akauona uso wa kila mmoja, akaurudisha mlango polepole.

"Ungenyamaza tu pale ndani," alisema Awadhi. "Ungeitikia kwa kichwa. Saa hizi tungekuwa tunapanga siku. Ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Ukasema hivyo hivyo."

"Baba yangu alikuwa anasikia."

Awadhi akasimama, akavaa koti, na Fortunata akaona kwamba sasa makoti yalikuwa yakimkaa sawasawa, mabegani na mikononi, na akatamani yasingekuwa hivyo.

"Mzee nimemkosea," Awadhi alisema. "Nimemtukana mbele ya nchi nzima. Hilo nitalinyoosha mwenyewe, nitakwenda kwake. Lakini unielewe, Nata. Nitakwenda kwake yeye tu."

"Nimekuelewa."

Akashuka ngazi mbili, akasita. Akakitazama kile kitabu mkononi. "Unakitaka?"

"Hapana. Ni chako."

"Ndiyo," alisema. "Nilikisoma mwenyewe." Akaondoka.

*

Alipofika nyumbani televisheni ilikuwa imezimwa na majirani walikuwa wameshaondoka. Vikombe vyao vilikuwa bado mezani, chai imenywewa nusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alipiga magoti kando ya kiti, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kuomba kitu. "Umesikia."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia. Mama Klara alilia mpaka akaondoka na viatu vya mwenzie."

Fortunata hakuweza kucheka. "Baba, kwa nini hukuwahi kukanusha? Miaka yote ile. Watu wanakuita jina baya kanisani, sokoni, na wewe unanyamaza."

Mzee Gaudens alitengeneza blanketi magotini. "Ningekanusha ningesema nini? Ningesema si mimi niliyemzuia. Wangeuliza, basi ni nani? Jibu lingekuwa wewe. Mzee akiitwa roho mbaya anapungukiwa nini? Msichana ndiye angesemwa, na maneno yangemfuata mpaka uzeeni."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilikuwa barazani, Nata. Nilikuona unarudi. Ulikaa nje ya geti muda mrefu kabla ya kuingia. Nikasema moyoni, nimeshinda. Halafu nikaishi na wewe ndani ya nyumba hii miaka kumi na miwili, nikakutazama ukila peke yako. Nikaona sikushinda kitu. Siku ile ningeiweka chai chini nikasema, 'Twende, nakusindikiza,' sijui. Labda ungevuka."

"Si kosa lako, baba. Kosa langu."

"Na mimi nina fungu langu. Usininyang'anye."

Aliweka kiganja kizito, kikavu, juu ya kichwa cha bintiye, na wakakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi ilipoanza msikiti wa jirani.

*

Jumatatu Kariakoo ilimpokea kwa macho. Muuza kahawa wa kona, ambaye hajawahi kukosa neno, alimmiminia bila kusema. Duka la mbele watu walikuwa wakiongea, akapita, wakaanza kuongea habari za mvua na mafuriko ya Jangwani. Aliwasalimia wote, akafungua milango yake.

Saa tano simu ikaita. Alikuwa baba yake.

"Nata. Yule kijana yupo hapa. Awadhi."

Fortunata aligeuka, akauelekeza mgongo wake kwa wateja. "Yupo hapo nyumbani?"

"Amekaa sebuleni. Kaniamkia vizuri, kanipigia na magoti, nikamwambia ainuke, suti itachafuka. Tunakunywa chai."

Kutoka Mkunguni mpaka kwao Ilala hapakuwa mbali. Kwa pikipiki ni dakika kumi, na za haraka. Angeweza kufunga duka sasa hivi, wateja wakasubiri. Safari hii angevuka barabara zote bila kutazama kulia wala kushoto.

"Baba, muulize kama nije."

Alisikia simu inafunikwa na kiganja. Alisikia sauti mbili, ya mzee na ile nyingine, lakini maneno hakuyapata. Ilichukua muda. Kiganja kikaondoka.

"Anasema leo amekuja kwa ajili yangu, mwanangu."

"Sawa, baba. Mwambie asante."

Fortunata alilisikia lile neno *leo*. Alilisikia vizuri, na akajikataza kulishika. Aliweka simu chini ya kaunta na kugeuka.

Mama mmoja wa makamo, mgeni dukani, alikuwa amesimama akimtazama usoni badala ya kutazama vitenge. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni kama watu wa Kusini, na alisita kabla ya kusema.

"Samahani, mwanangu. Si wewe yule wa kwenye TV? Yule uliyemuacha mwenzio bomani?"

Wateja wengine wawili waliacha kupapasa vitambaa. Nje, mchuuzi alipita akitangaza soksi.

"Ndiye mimi, mama," alisema Fortunata. Akavuta kigoda nyuma ya kaunta, akakitoa mbele, akamkaribisha akae.